Sumaku Inaponasa Bunduki Kuukuu Mferejini: Mwongozo kwa Wavuvi wa Sumaku Uingereza

Bunduki iliyokaa majini miaka sabini haifanani na bunduki. Katika uvuvi wa sumaku, yaani burudani ya kutupa majini sumaku yenye nguvu iliyofungwa kamba ili kuopoa vyuma vilivyozama, kinachoibuka ni bonge la kutu na tope, pengine lenye umbo la mpini wa jembe uliovunjika, nawe ulikuwa ukitarajia baiskeli au kitoroli cha dukani. Mara nyingi mvuvi hutambua alichokinasa pale tu tope linapochuruzika na tundu la mtutu kuonekana, na wakati huo kitu chenyewe kimekwisha kufika miguuni pake. Mwongozo huu unahusu dakika hizo chache na saa zinazofuata, katika mifereji ya Uingereza, ambako burudani hii imeenea na ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi. Shauri lake kubwa ni moja: silaha ikishafika nchi kavu isiondolewe hapo mpaka polisi waje kuichukua wenyewe. Kuibeba, hata kwa nia njema kabisa ya kuipeleka kituoni, ndiko kunakomtia mtu matatani.

Ruhusa kabla ya kamba

Anayetaka kuvua kwa sumaku aanze kwa kumjua mwenye maji. Shirika la hisani la Canal & River Trust, lililorithi kazi ya British Waterways mwaka 2012, linasimamia yapata maili 2,000 za mifereji na mito ya England na Wales, nalo haliruhusu uvuvi wa sumaku katika maji yake. Katazo hilo linagusa sehemu kubwa ya mifereji ambayo mtu angeifikiria kwanza, ikiwemo Grand Union na Leeds and Liverpool. Uskoti ina msimamizi wake, Scottish Canals, na huko mifereji kadhaa mikongwe inalindwa kisheria kama urithi wa kale, kwa hiyo kuchokoa sakafu yake bila kibali ni kosa la namna nyingine kabisa. Ipo mifereji yenye wenyewe wengine: Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, una kampuni inayoumiliki, na Basingstoke uko chini ya halmashauri za Hampshire na Surrey. Mwandikie mmiliki, eleza siku na mahali, na usubiri jibu la maandishi. Jibu likiwa hapana, basi ni hapana. Likiwa ndiyo, tembea nalo, kwa sababu siku utakayonasa silaha, swali la mwanzo utakaloulizwa ni nani aliyekuruhusu kuwa pale.

Hata hivyo, msomaji asije akaelewa vibaya. Mtu aliyevua pasipo ruhusa kisha akanasa bunduki bado anapaswa kupiga simu. Kuvunja kanuni ndogo za mfereji ni jambo dogo likilinganishwa na kukutwa na silaha, na anayeirudisha majini ili asijulikane amewaachia watoto wa jirani hatari ileile aliyoiona kwa macho yake.

Vifaa vya siku hiyo ni vichache: sumaku, kamba imara, glavu nene, simu iliyojaa chaji, na mwenzako mmoja. Chukua pia mkasi wa kukatia kamba badala ya kisu, kwa maana kisu hadharani nacho kina sheria yake katika nchi hiyo. Mwenzako si wa kukupigia picha tu. Mfereji wa kina cha mita moja na nusu unatosha kumzamisha mtu mzima aliyevutwa na kamba akiwa amevaa buti na koti zito.

Kwa nini silaha imelala pale

Mfereji si mto. Maji yake karibu yamesimama, na sakafu yake ilisiribwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na kushindiliwa ili maji yasivuje. Juu ya udongo huo limetanda tope laini la miaka na miaka. Kitu kizito kikidondoshwa kutoka darajani huzama topeni na kubaki palepale kilipoangukia, na kwa kuwa ndani ya tope hewa ni haba, kutu huenda polepole kuliko watu wanavyodhani. Hii ndiyo sababu madaraja huvutia wavuvi wa sumaku, na ndiyo sababu yaliwavutia vilevile watu waliotaka kuachana na jambo usiku.

Watu hao walikuwa wa aina mbalimbali. Kabla ya sheria ya mwaka 1920, raia wa kawaida aliweza kumiliki bastola bila cheti cha polisi, na askari waliorudi kutoka vita viwili vikuu walirudi na silaha za kumbukumbu mizigoni. Mzee akifariki, mjane au watoto wakiikuta bastola hiyo darini, wengine waliona aibu au woga kuisalimisha, wakaitupa. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996, sheria mbili za mwaka 1997 zilipiga marufuku takriban bastola zote mikononi mwa raia wa England, Wales na Uskoti. Zaidi ya bastola 160,000 zilisalimishwa kwa polisi, lakini si kila mtu alipanga foleni. Halafu wapo wahalifu, ambao kwao mfereji unaopita katikati ya mji ni mahali pa karibu pa kutupia ushahidi. Huwezi kusimama ukingoni ukajua silaha uliyoinasa ni ya kundi lipi, ijapokuwa dalili zipo: bastola iliyofungwa ndani ya soksi, kitambaa au mfuko wa plastiki haikuwekwa hivyo na mjane.

Birmingham nayo ina historia yake ya pekee. Mji huo ulikuwa na mtaa mzima wa mafundi wa bunduki, na nyumba ya kupimia mitutu iliyoanzishwa mwaka 1813 bado ipo, jirani na mfereji wa Digbeth. Vipande vya bunduki zisizokamilika vikipatikana katika maji ya huko visimshangaze mtu. Kisheria, hata hivyo, mtutu peke yake au kiunzi cha bastola peke yake huweza kuhesabiwa kuwa silaha, kwa hiyo kipande kitendewe kama bunduki nzima.

Namna ya kuitambua

Mbao za kitako huoza au hulainika mapema, na plastiki haishikwi na sumaku, kwa hiyo kinachobaki cha kutambulika ni chuma. Tafuta mambo matatu: bomba lililonyooka lenye tundu la mviringo safi mno kuwa la bomba la maji, kipete cha chuma chini yake ambacho kidole kingeweza kupenya, yaani kinga ya kifyatulio, na pembe ile ambayo mshikio hukutana na mwili wa silaha. Rivolva huwa na uvimbe wa mviringo katikati, palipo na vyumba vya risasi. Bunduki ya kijeshi huonekana kama fimbo ya chuma yenye kishikizo kidogo kilichochomoza ubavuni. Bunduki ya wawindaji iliyokatwa mtutu huwa fupi kuliko inavyopaswa, na hiyo ni dalili mbaya kuliko zote.

Bastola za kuchezea na bunduki za upepo pia hutupwa mferejini, na nyingi zina chuma cha kutosha kushikwa na sumaku. Kama una shaka, shaka hiyo ihesabiwe kuwa ni bunduki. Polisi hawatamlaumu mtu aliyewaita kwa ajili ya kitu kilichogeuka kuwa cha mtoto.

Kutu haijaitoa risasi

Watu hupotoshwa zaidi na wazo kwamba silaha iliyooza haiwezi kufanya kitu. Sumaku imeshika chuma cha bunduki. Haikuambii lolote kuhusu kilichomo ndani, kwa kuwa maganda mengi ya risasi ni ya shaba nyeupe na kichwa cha risasi ni cha madini ya risasi, vitu ambavyo sumaku haivigusi. Risasi za kijeshi ziliundwa zivumilie mvua na mahandaki: ganda limebana kichwa, na fataki iliyo kwenye kitako chake mara nyingi ilizibwa kwa vanishi. Baadhi ya risasi hizo maji huziingia na kuziua, nyingine hubaki hai kwa miongo, na kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha. Tena bastola inaweza kuwa ilitupwa nyundo yake ikiwa imevutwa nyuma, kutu ikaishikilia hapo. Anayeikwangua kwa bisibisi ili aone namba huenda akaiondoa kutu hiyohiyo iliyokuwa ikizuia nyundo isianguke.

Baruti nyeusi ya magobori ya kale ni hadithi nyingine. Ikilowa haiwaki, lakini ikikauka huweza kuwaka tena. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mtu mwenye uzoefu mkubwa wa kusafisha masalia ya vita aliuawa na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1860 alipokuwa akilishughulikia nyumbani kwake. Kombora lile lilikuwa limepita umri wa miaka 140.

Pale kitu kinapoibuka

Ukiona umbo hilo likitokeza juu ya maji, acha kuvuta kwa pupa. Waambie waliopo warudi nyuma, kisha sogea kando ili mtutu usikuelekee wewe wala mtu mwingine, na ulitue bonge hilo kwenye nyasi taratibu, likiwa bado limeng'ang'ania sumaku. Usijaribu kulibandua. Kubandua sumaku yenye nguvu huhitaji kusukuma, kupinda na wakati mwingine kugonga, na hayo matatu ndiyo usiyotaka kuyafanyia bunduki usiyoijua. Kata kamba ikibidi, uiache sumaku hapo. Najua sumaku nzuri hugharimu pauni kadhaa na humuuma mtu kuiacha. Polisi wakimaliza kazi yao huenda wakakurudishia, na wasipokurudishia umepoteza sumaku tu.

Baada ya hapo mikono iwe mbali. Usifute tope, usimwage maji ya kuiosha, usifungue chochote, usitazame ndani ya mtutu, usivute kifyatulio kuona kama kinacheza. Usiifunike kwa koti lako pia, maana nyuzi za koti huganda kwenye kutu na kuwapa wataalamu kazi ya bure. Picha moja au mbili kutoka mbali kidogo zinafaa, kwa kuwa zinaonyesha saa na namna ilivyolala. Lakini picha hizo zisiende mtandaoni siku hiyo, kwanza kwa sababu zinaweza kuwa ushahidi, pili kwa sababu zinawaita watazamaji mahali penye silaha.

Simu ya kupiga

Kwa silaha iliyo mahali wanapopita watu, piga 999. Namba ya 101 ni ya mambo yasiyo ya dharura, nayo inamfaa mtu ambaye kitu chake kiko mahali palipofungwa na hakuna aliye hatarini. Ukikosea namba, mhudumu atakuelekeza. Sema kwa utaratibu kwamba ulikuwa ukivua kwa sumaku, kwamba umepata kitu kinachoonekana kuwa bunduki, kwamba kiko chini ardhini na hakiko mkononi mwa mtu, na kwamba unakilinda kutoka mbali. Taja nguo ulizovaa na idadi ya watu mlio nao. Kiingereza kikikulemea kwa sababu ya mshtuko, omba mkalimani wa Kiswahili. Si aibu, na maneno yaliyotafsiriwa vizuri ni bora kuliko neno moja lililosikika vibaya.

Mahali ulipo panaweza kuwa pagumu kueleza, kwa kuwa njia za kandoni mwa mifereji hazina majina ya mitaa. Tazama daraja lililo karibu. Madaraja mengi ya mifereji ya Uingereza yana kibao chenye namba, na namba hiyo pamoja na jina la mfereji humfikisha askari palepale.

Wakati wa kusubiri, simama mahali unapoiona silaha bila kuifikia, na uwazuie wapita njia kwa maneno. Wanaokuja wanaweza kuwa askari wenye silaha, nao hawajui bado kwamba wewe ndiye uliyepiga simu. Mikono yako ionekane, usishike kamba, simu wala kitu cheusi, usikimbilie kuwaonyesha, na utii kwanza maswali baadaye. Nasema hivi kwa uzito zaidi kwa vijana wetu weusi, ambao hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sheria, na kisa cha mtu wa Surrey

Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inakataza kuwa na bunduki bila cheti, na inakataza zaidi silaha za kundi lililopigwa marufuku, zikiwemo bastola. Kwa kundi hilo la pili, mtu mzima akitiwa hatiani mahakama hutakiwa kutoa kifungo kisichopungua miaka 5, isipokuwa kuwe na mazingira ya kipekee. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kosa la kuwa na silaha halitazami sana nia ya mtu. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi wa mtu aliyeamini kwa dhati kwamba rivolva yake ni ya kale, kumbe ni nakala ya kisasa.

Mwaka 2009, mwanajeshi wa zamani aliyeishi Surrey alikuta bunduki iliyokatwa mtutu ndani ya mfuko, bustanini kwake, akaipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Alikamatwa, akashtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani. Hakimu alipoona mazingira ni ya kipekee hakumpeleka gerezani, bali alitoa kifungo ambacho utekelezaji wake ulisimamishwa. Kwa maoni yangu kesi ile haikupaswa kufika mahakamani hata kidogo. Lakini maoni yangu hayambadilishii mtu rekodi yake, na aliyekwisha kuisikia hana sababu ya kupanda basi akiwa na bastola yenye kutu ndani ya ndoo.

Je, kama silaha ni ya kale kweli? Sheria inaruhusu kumiliki silaha ya kale kama kitu cha kumbukumbu au pambo, na kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021 zilifafanua maana yake: iwe imeundwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939, na iwe ama inatumia aina ya risasi iliyoorodheshwa kuwa imepitwa na wakati, au ina mfumo wa kuwasha baruti uliotajwa humo. Gobori la jiwe la kiberiti linaweza kuingia humo. Bunduki ya kijeshi ya Lee-Enfield ya .303 haiingii, hata kama ni ndugu wa ile ambayo babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliibeba Burma na hata kama moyo unatamani kuitundika sebuleni, kwa kuwa risasi yake bado inatumika. Kuwa imeoza pia hakuhesabiki kuwa imezimwa. Silaha iliyozimwa kisheria ni ile iliyokaguliwa, ikapigwa muhuri na kupewa cheti. Kwa vyovyote hukumu hiyo ni ya mtaalamu mezani, nawe ukiamini umepata kitu cha makumbusho, mwambie hivyo askari anayekichukua na uombe kisiharibiwe kabla ya kuchunguzwa. Umiliki nao si wa aliyekiopoa: mwenye ardhi au mwenye mali ya awali ndiye anayetazamwa kwanza.

Ikiwa imekwisha kufika nyumbani

Wapo wanaosoma haya wakiwa na silaha tayari gereji au ndani ya buti la gari, kwa sababu mtu aliwaambia ni chuma chakavu. Hao wasiirudishe mferejini, wala wasiiendeshe hadi kituoni. Waiache ilipo, watoe watoto na watu wengine chumbani, wapige simu, na waseme ukweli wa siku na saa iliyopatikana. Wakihojiwa kituoni, katika England na Wales wana haki ya wakili wa bure hapohapo kabla ya kujibu, na kumwomba wakili si kukiri kosa.

Kikiwa si bunduki bali bomu

Guruneti la mkono hutoka majini likiwa kama nanasi dogo la kutu au kopo lililofura. Kombora huwa na ncha upande mmoja na pengine mapezi upande wa pili. Hapa utaratibu hubadilika. Kikiwa bado majini, usikiinue: legeza kamba polepole, uiache. Kikiwa kimefika nchi kavu, kitue bila kishindo, wala usikirushe tena majini. Ondoka, ondoa watu, na upige 999 ukiwa umekwisha kufika mbali. Polisi watawaita wategua mabomu wa jeshi na watakuambia umbali wa kukaa. Usirudi kuchukua mkoba wala baiskeli.

Baada ya silaha kuondoka

Askari ataandika maelezo yako. Muombe namba ya tukio, kisha uitunze pamoja na barua ya ruhusa. Silaha yenye shaka huweza kufika kwa wataalamu wa NABIS, idara ya kitaifa ya ujasusi wa silaha iliyoundwa mwaka 2008, ambao hulinganisha alama za mitutu na risasi za matukio ya zamani. Namba iliyokwanguliwa na mhalifu, au iliyoliwa na kutu, wakati mwingine hurudishwa kwa tindikali, na hapo ndipo utaelewa kwa nini uliambiwa usiisugue. Huenda usipate habari tena kamwe, na huenda ukaitwa kutoa ushahidi.

Jambo la mwisho ni la mikono yako. Maji ya mfereji yana mkojo wa panya, na mkojo huo hubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa uleule ambao Watanzania waliuzoea kwa jina la homa ya mgunda ulipolipuka Lindi mwaka 2022. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, funika michubuko yote, na ukipata homa, maumivu ya misuli au macho ya manjano katika wiki zinazofuata, mwambie daktari wako kwamba ulikuwa mferejini.